Kanda la Usufi: Mali na Mzigo katika Mchezo wa Dungeons & Dragons

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Waliousema msemo huu hawakuwa na haja ya kuufafanua: anayeutazama mzigo ulio kichwani mwa mwingine huuona mwepesi, kwa kuwa shingo inayouma si yake. Lakini hapana shaka wasingedhani kwamba msemo wao ungekuja kupata ushahidi katika mchezo wa mezani uliozuliwa Marekani, ambao wachezaji wake wamebishana kwa nusu karne juu ya jambo moja linaloonekana dogo mno. Je, shujaa anayeteremka shimoni kutafuta hazina ahesabiwe uzito wa anachokibeba, au aachwe abebe atakacho? Walio wengi siku hizi wameamua aachwe. Wamekosea, na kosa lao si la hesabu tu. Ni kosa la kutoielewa mali.

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Mashimo na Majoka. Ulitolewa mwaka 1974 na Gary Gygax, wa mji mdogo wa Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, pamoja na Dave Arneson wa jimbo jirani la Minnesota. Haufanani na bao wala karata, kwani hauna mshindi. Watu huketi kuizunguka meza. Mmoja wao, mwendesha mchezo, husimulia nchi ya kubuni yenye magofu, mapango na viumbe vya kutisha. Wengine kila mmoja hushika mhusika wake, akasema anakwenda wapi na anatenda nini. Na pale jambo linapokuwa la bahati nasibu, dadu hutupwa zikaamua. Kila mchezaji ana karatasi mbele yake, na juu ya karatasi hiyo huandikwa nguvu za mhusika, akili zake, silaha zake na sarafu zake. Ni ngano inayotungwa na wengi kwa wakati mmoja, na hakuna hata mmoja wao aujuaye mwisho wake.

Katika vijitabu vitatu vya mwaka 1974, karatasi hiyo ilikuwa daftari la kweli. Mhusika alianza maisha kwa kutupa dadu tatu na kuzidisha jumla kwa kumi. Hizo ndizo sarafu zake za dhahabu, nazo alizitumia kununua vifaa. Upanga uliuzwa sarafu 10, deraya ya chuma 50, kamba ya futi 50 sarafu moja, na mienge sita sarafu moja. Aliyepata 80 hakuweza kuvaa deraya na ngao, akachukua upanga, akabakiwa na fedha ya kutosha kwa chakula cha wiki kadhaa. Ilimlazimu achague, na kuchagua huko ndiko kulikomwonyesha kuwa yeye ni mtu wa namna gani. Kuna aliyejivika chuma akaingia gizani na mwenge mmoja. Na kuna aliyenunua kamba, misumari na mafuta ya taa akasema kwamba mbio zake ndizo deraya yake.

Uzito nao ulihesabiwa, na kipimo chake kilikuwa sarafu yenyewe. Deraya ilikuwa na uzito wa sarafu 750, ngao 150, upanga 50. Kadiri mzigo ulivyozidi ndivyo mwendo ulivyopungua, na mwisho wa uwezo wa binadamu ulikuwa sarafu 3,000. Aliyefika hapo alikuwa akijikokota. Katika vitabu vikubwa vilivyofuata, vya mwaka 1978 na 1979, sarafu kumi zilikuwa ratili moja. Sasa na wafikiriwe watu wanne waliolikuta sanduku la sarafu 10,000 chini ya gofu, tabaka tatu kutoka juu ya ardhi. Uzito wake ni ratili 1,000. Ikiwa kila mmoja amevaa deraya, ameshika ngao na upanga, basi nafasi iliyobakia mgongoni mwake ni ya sarafu kama 2,000. Wote wanne hawawezi kulimaliza sanduku, na wakibeba wanachoweza hawataweza kukimbia. Na nyuma yao, katika giza, kuna kitu kinachonusa.

Hapo ndipo ngano inapoanza. Je, wavue deraya waiache? Je, wafukie nusu na kurudi, na wakirudi wataikuta? Je, waende mjini wakaajiri wapagazi, na wapagazi wakishaijua njia, nani atawazuia wasirudi peke yao usiku? Je, yule mwenzao aliyejeruhiwa, ambaye sharti abebwe, abebwe yeye au libebwe sanduku? Hakuna mtunzi aliyeyaandika maswali haya kabla. Yamezaliwa na mizani. Ondoa mizani, na maswali yote hayo hufa siku hiyo hiyo.

Ikumbukwe vilevile kwamba katika kanuni hizo za kwanza, dhahabu iliyofikishwa salama ndiyo iliyompandisha mtu daraja. Kila sarafu moja ilihesabiwa kuwa alama moja ya tajiriba. Kuua kiumbe kulileta alama chache. Kutoa hazina shimoni kulileta nyingi. Matokeo yake ni kwamba mchezaji mwenye busara hakupigana ila alipolazimika. Alipita kwa kunyata, alihonga, alidanganya, alisubiri joka lilale. Mtu aliyedhani kwamba mchezo huu ulizaliwa kuwa mchezo wa mauaji hajazisoma kanuni zake za mwanzo.

Hali hiyo ilibomolewa pole pole, kila toleo likitoa jiwe lake. Mwaka 1989 lilitoka toleo la pili. Sarafu zikawa 50 katika ratili, badala ya kumi. Kwa kalamu moja dhahabu yote ya ulimwengu ule ikapoteza sehemu nne katika tano za uzito wake. Toleo hilo hilo likaifanya kanuni ya alama kwa dhahabu kuwa ya hiari. Mwaka 1997 kampuni iliyoanzishwa na Gygax ikanunuliwa na Wizards of the Coast, na mwaka 2000 likaja toleo la tatu, ambalo ndilo lililokamilisha kazi.

Toleo hilo lilikuwa na mambo mawili ambayo hayakuwahi kukutana katika kitabu kimoja kwa uwazi kama ule. La kwanza ni orodha ya bei za vitu vya sihiri, kana kwamba ni bei za nguo dukani. Upanga wenye sihiri ya daraja la chini, pasipo bei ya upanga wenyewe, uliongezewa sarafu 2,000. Wenye sihiri ya daraja la tano uliongezewa 50,000. Aliyetaka kuuza alipewa nusu ya bei. La pili ni jedwali lililomwambia mwendesha mchezo kila mhusika awe na mali kiasi gani kulingana na daraja lake: sarafu 900 katika daraja la pili, 9,000 katika la tano, 49,000 katika la kumi, na 760,000 katika la ishirini. Viumbe vya kupambana navyo vilipimwa kwa kudhaniwa kwamba wahusika wanayo mali hiyo, tena wameigeuza kuwa silaha. Akipungukiwa, mwendesha mchezo amtilie zaidi katika hazina ijayo, akizidi, ampunguzie.

Na isemwe wazi jedwali hilo ni kitu gani. Ni jedwali la mishahara. Mtu aliyefika daraja fulani hulipwa kiasi fulani, na lau akiibiwa, akipoteza, akigawa sadaka au akitupa mali yake baharini, mwajiri atamrudishia mwezi ujao bila ya kumwuliza. Tamaa yake haimfikishi mbele wala ukarimu wake haumrudishi nyuma. Hazina, neno ambalo katika kila ngano ya dunia hubeba harufu ya hatari, imekuwa karatasi ya malipo.

Wakati huo huo, mzigo uliendelea kuhesabiwa kwa jina tu, kwa kuwa dawa yake iliuzwa pale pale katika orodha: mkoba wa sihiri, bei yake 2,500, wenye kumeza ratili 250 na usizidi ratili 15 mgongoni. Lile sanduku la sarafu 10,000 sasa lina uzito wa ratili 200 tu, na lote huingia mkobani, na nafasi hubaki. Havuliwi mtu deraya, hakodiwi mpagazi, hakuna sababu ya kurudi. Wanne wale wanatoka shimoni wakitembea kama watu waliokwenda kununua mkate.

Laiti ingekuwa mwisho wa jambo ni wepesi huo, ungesameheka. Lakini vitabu vile vile vya toleo la tatu vimeandika ujira wa mtu asiye na ufundi, yule wa kubeba mizigo na kuchimba mitaro: sarafu moja ya fedha kwa siku. Sarafu kumi za fedha ni moja ya dhahabu. Basi na hesabu ifanywe na kila mwenye kutaka. Ile sihiri ya daraja la chini juu ya upanga, ambayo mhusika huinunua akiwa bado mchanga, ni ujira wa hamali wa siku 20,000, yaani karibu miaka 55 bila ya kupumzika hata siku moja, bila ya kula wala kulipa kodi. Mali ya mhusika wa daraja la ishirini ni ujira wa hamali huyo huyo kwa miaka zaidi ya 20,000. Na huyu mwenye mali hiyo ndiye anayeingia kijijini akaitwa mkombozi, akalala bure, akapigiwa ngoma.

Wachezaji hawaioni hesabu hii kwa sababu hamali hayupo mezani. Zamani alikuwepo. Alikuwa na jina, alikuwa na woga wake, alidai fungu lake, na aghalabu alikufa wa kwanza. Na kifo chake kiliwatia haya waliomleta. Mkoba wa sihiri ulipoingia, yeye alitoka. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki haimpasi kuelezwa maana ya kutoweka huko. Katika karne ya 19 mpagazi wa misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda bara alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani ratili kama 70, kwa miezi. Mali ya lile jedwali la daraja la ishirini, lau ingekuwa sarafu tupu kwa uzito wa vitabu vya zamani, ingehitaji wapagazi kama huyo zaidi ya elfu moja. Kuondoa uzito ni kuwafuta wote hao kwa mara moja, kisha kuuita ufutaji huo wepesi wa mchezo.

Kuna hoja tatu zinazotolewa na wanaoutetea wepesi huu, na kila moja yastahili jibu lake.

Ya kwanza ni kwamba hesabu inachosha. Watu hufanya kazi mchana kutwa mbele ya madaftari, na jioni hawakukusanyika ili kujumlisha ratili. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na ukweli wenyewe ni kwamba kanuni za zamani ziliandikwa vibaya. Kumtaka mtu ajumlishe uzito wa kila mshumaa ni adhabu. Lakini ubovu wa mizani si hoja dhidi ya kupima. Muuza samaki mwenye mizani mbovu hutafuta mizani nyingine, hawagawii watu samaki kwa macho. Na mizani nyingine zimekwisha patikana. Mchezo wa Torchbearer wa mwaka 2013 uliacha ratili ukahesabu nafasi: mikono miwili, mgongo, kiuno, mfuko, kilichokosa nafasi hakibebwi. The Black Hack, wa mwaka 2016, ukabuni dadu ya matumizi: kila mwenge au chakula kinapotumika hutupwa dadu, na ikiangukia namba ndogo dadu hubadilishwa kwa iliyo ndogo zaidi, mpaka kitu kinakwisha. Shadowdark, wa mwaka 2023, ukafunga hesabu yote katika mistari michache: kila mtu ana nafasi kulingana na nguvu zake, sarafu nyingi hula nafasi, na mwenge huwaka kwa saa moja ya kweli, saa ya ukutani, huku wachezaji wakibishana na nuru yao ikipungua. Hakuna karani anayehitajika katika yoyote ya michezo hii. Anayesema leo kwamba ama ratili ama upuuzi amechelewa kusoma. Na zaidi ya hayo, wahenga wamesema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na katika mchezo huu ndivyo ilivyokuwa hasa: kilichopotea ni maana ya mali, na hakuna aliyepata habari.

Hoja ya pili ina majivuno zaidi. Inasema kwamba mashujaa si makarani. Kwamba katika ngano kubwa hakuna anayeuliza uzito wa dhahabu, na kwamba mchezo unaotaka kufanana na ngano lazima usahau mambo ya sokoni. Wanaosema hivi, yaelekea hawakuzisoma ngano wanazozitaja. Katika kitabu cha The Hobbit cha J. R. R. Tolkien, kilichochapishwa mwaka 1937, joka Smaug anazungumza na mwizi aliyekuja kwenye lundo lake. Kabla ya kumtisha kwa moto, anamtia shaka kwa swali la kibiashara: hata ukiiba, utaisafirishaje? Nani atakubebea, nani atailinda njiani, nani atalipa ushuru? Mwizi anatetereka, kwa kuwa hakuwa amelifikiria. Na mwisho wa safari, baada ya vita vilivyotokana na ugomvi juu ya nani mwenye haki na lundo lile, mwizi huyo huyo anakataa fungu kubwa na kurejea kwao na visanduku viwili, kimoja cha dhahabu na kimoja cha fedha, kadiri ya farasi mdogo mmoja aweza kubeba. Hekima yake yote imo katika mzigo aliouchagua. Kama angekuwa na mkoba wa sihiri wa sarafu 2,500, kitabu kile kisingekuwa na mwisho.

Wala ushahidi hauko Uingereza pekee. Katika utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, mkoba wa shujaa unapofunguliwa hutoka vinu na michi, vyungu na mafiga. Mshairi hakuona aibu kuviorodhesha vyombo vya jikoni katika utendi wa vita. Aliviorodhesha kwa sababu uzito wake ndio kipimo cha mtu. Mkoba ule hauna sihiri. Sihiri ni mabega yaliyoubeba. Mkoba wa toleo la tatu umegeuza jambo hilo kichwa chini: nguvu imo mkobani, na mwenye mkoba aweza kuwa yeyote.

Hoja ya tatu ndiyo inayopendwa na waungwana: kwamba huu ni mchezo tu. Hakuna hamali, hakuna dhahabu, hakuna joka. Basi kelele ya nini? Jibu ni kwamba binadamu hajapata kuwa na chombo cha kujifundishia mali kilicho na nguvu kuliko hadithi, na hadithi ambayo mtu anaicheza yeye mwenyewe humwingia kuliko ile anayosimuliwa. Tena jambo hili halikubakia mezani. Michezo ya kompyuta na ya simu ilirithi kutoka kwa mchezo huu madaraja, alama za tajiriba, hazina za kuokota na duka la kuuzia ulichookota. Kijana wa Ng'ambo au wa Mji wa Kale Mombasa anayekusanya panga kwa kidole juu ya simu hajapata kulisikia jina la Gygax, lakini anacheza katika nyumba iliyojengwa Lake Geneva. Anachofundishwa humo ni kwamba mali huokotwa, kwamba haina mwenyewe, kwamba haimlemei anayeichukua, na kwamba kazi yake pekee ni kununua nguvu ya kuokota nyingine. Asemaye kwamba mafunzo hayo si kitu na auangalie ulimwengu, na namna mali inavyohamishwa siku hizi kutoka nchi hadi nchi kwa kubonyezwa kitufe, na walio chini ya mzigo wakiwa hawaonekani.

Haki inataka isemwe kwamba hata kanuni za kwanza zilikuwa na dosari, tena kubwa. Kuhesabu kila sarafu kuwa alama ya tajiriba ni kusema kwamba tajiri ni mjuzi kwa kuwa ni tajiri, na kwamba aliyefukua kaburi la watu amekomaa kwa kiasi cha alichokikuta. Vitabu vya mwanzo havikuuliza mara nyingi ni nani aliyeizika dhahabu ile na kama ana warithi. Lakini hata katika miaka ile palikuwa na waliosikia kwamba kuna kasoro. Arneson, katika nchi yake ya kubuni ya Blackmoor, ambayo maelezo yake yalichapishwa mwaka 1977, hakutoa alama kwa dhahabu iliyopatikana bali kwa iliyotumiwa, na kila mhusika alikuwa na mapenzi yake ya kutumia: mmoja kwa anasa, mwingine kwa dini, mwingine kwa sifa na heshima. Gygax naye, katika kitabu chake cha mwaka 1979, alimtaka kila anayepanda daraja alipie mafunzo, sarafu 1,500 kwa wiki kwa kila daraja alilonalo. Tena alikuwa amekiri mwaka mmoja kabla kwamba bei zake zilikuwa za juu kwa makusudi, mfano wa miji ya Alaska wakati wa mbio za dhahabu, ambako fedha zilijaa na yai likawa ghali. Alijua, kwa maneno mengine, kwamba dhahabu ikimwagika mahali pamoja haimtajirishi kila mtu. Humpandishia bei yule ambaye hakuokota kitu. Ujuzi huo ulikuwa umekwisha andikwa. Waliokuja baadaye hawakuukanusha, waliuruka.

Toleo la tano la mwaka 2014 lilijaribu kurudi nyuma nusu ya njia. Liliacha kulazimisha mali kwa jedwali, likasema kwamba vitu vya sihiri haviuzwi kama nguo, na mtu mmoja asiunganishwe na zaidi ya vitatu vyenye nguvu. Hayo ni mema. Lakini mzigo ulipewa kipimo kipana hata kikawa si kipimo, ratili 15 kwa kila alama ya nguvu, na mtu wa kawaida mwenye alama kumi akabeba ratili 150 bila ya kupunguza mwendo; kanuni iliyo kali zaidi ikawekwa pembeni kwa atakaye. Na kwa kuwa hakuna cha maana cha kununua, wachezaji wa daraja la juu hujikuta na maelfu ya sarafu yasiyo na kazi. Jedwali la mishahara limeondolewa, na mshahara umebaki. Toleo la 2000 liliifanya dhahabu kuwa nguvu. La 2014 likaifanya kuwa vumbi. Kati ya nguvu na vumbi, hakuna aliyeirejesha kuwa mali: kitu kinachotamaniwa, kinachoelemea, chenye mwenyewe, kinachogombanisha ndugu.

Na kuirejesha si kazi ngumu. Hakuhitajiki kitabu kipya. Kwanza, nafasi za mzigo ziwe chache, na ziandikwe mahali ambapo meza nzima inaziona. Pili, kila hazina iwe na historia: iliibwa kwa nani, iliachwa na nani, ina alama ya nani juu yake, na mwenyewe au mrithi wake yuko wapi. Tatu, wapagazi warudi mezani, na majina yao, na ujira wao, na haki yao ya kukataa kuteremka tabaka la nne. Nne, dhahabu iwe na mahali pa kwenda kusikokuwa kununua makali: daraja la mto lililovunjika, fidia ya damu, deni la baba, mahari, kisima, arusi ya kijiji kizima. Mchezaji aliyetumia sarafu 2,000 kuwakomboa mateka kumi, akaingia vita vijavyo na upanga ule ule wenye kutu, amejifunza juu ya mali jambo ambalo jedwali haliwezi kumfundisha. Na waliokaa naye mezani hawatalisahau jina la mhusika wake.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya yatapunguza idadi ya majoka yanayouawa kwa usiku mmoja. Yatapunguza, na yapunguze. Siku joka litakapouawa kweli, na lundo likang'aa chini ya mwenge wa mwisho, mwendesha mchezo anyamaze kidogo, awaache wafurahi, kisha awaulize wote swali lile lile ambalo Smaug alimwuliza mwizi wake: nani atabeba?